Maradhi Wanayoyaficha Akina Mama Baada ya Kujifungua

(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya akina baba na akina mama)



Tunamshukuru Allah Mtukufu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, leo tumekusudia kusema jambo ambalo wengi hulionea haya. Wapo dada zetu walioacha kuja darsani, na wengine walioacha hata kuswali, wakidhani hawatatoharika tena. Tangu wajifungue, mkojo huwatoka bila hiari wakohoapo, wachekapo au wanyanyuapo ndoo ya maji. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ki-Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi nasi tusinyamaze.

Chini ya nyonga mna misuli iliyotandwa kama machela, tangu mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo, na kusaidia kuzifunga njia zake. Mimba huielemea kwa miezi, na mtoto apitapo huivuta mno, pengine ikachanika. Karibu theluthi ya wanawake waliozaa hupatwa na shida hii. Mkaja hufunga tumbo, na maji ya moto huchangamsha mwili, lakini havifiki kwenye misuli hiyo. Arubaini ikitimia twasema mama amepona, tukamrudishia madumu ya maji na kinu. Kumbe misuli yahitaji miezi.

Dawa ya kwanza haina gharama. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya kuirudishia misuli hii nguvu. Mama alale au aketi, aibane kama azuiaye mkojo na upepo kwa pamoja, bila kuzuia pumzi wala kukaza mapaja. Abane kwa kadiri awezavyo, hata afikie sekunde 10, kisha alegeze kabisa. Arudie mara 8. Afanye hivyo mara 3 kwa siku, kwa mfano baada ya Alfajiri, Adhuhuri na Isha, kwa muda usiopungua miezi 3. Asiyafanye huku akikojoa. Asipoona nafuu, au akihisi kitu kinashuka ukeni, aende hospitali akaonwe na mtaalamu wa fiziotherapia, na ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke.

Ama mkojo ukimchuruzika mfululizo usiku na mchana, hasa baada ya uchungu uliokawia mno, huenda hiyo ni fistula, yaani tundu baina ya kibofu na uke. Hiyo haizibwi kwa mazoezi. Yataka tiba ya hospitali, na mara nyingi upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wengi bila malipo. Si uchawi wala si laana.

Na swala je? Anayetokwa na mkojo mara moja moja atajisafisha, atatawadha upya na kuswali. Asiyekatikiwa ni mwenye udhuru: wakati wa swala ukiingia atajisafisha, atajifunga kitambaa safi, atatawadha na kuswali mara moja, na kitakachomtoka humo hakimdhuru. Kwa kila faridha atafanya vivyo hivyo. Swala haijamwondokea.

Enyi waume, tuozapo binti zetu twatoza mkaja wa mama, kwa kuutambua uchungu wa mzazi. Itakuwaje basi tumheshimu mama mkwe kwa mkaja, kisha tumhame chumba mke aliyetuzalia, au tumpe talaka kwa maradhi aliyoyapata katika kutuletea mtoto? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Basi mchotee maji, mpe nauli ya hospitali, na ukiweza fuatana naye.

Tunamwomba Allah awaponye mama zetu na atupe huruma nyoyoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.