MAKTABA YA KINU
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Umoja)



Nimeombwa niseme machache juu ya miaka yetu kumi. Bwana Mtunza Hazina amekwisha kuzisoma hesabu, nami sitazirudia. Nitasema juu ya chumba kimoja chenye rafu nne, kilichoshikamana na ukuta wa kinu cha kukobolea kahawa, ambamo nalikuwa mtunza vitabu kabla hamjanikabidhi kazi ya ukatibu.

Ushirika wa kahawa katika Bukoba na Muleba haukuanza nasi. Mwaka 1950 wazee wetu waliunda Bukoba Native Co-operative Union, ili mkulima mdogo mwenye kibanja kimoja apate kusikika sokoni. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini kote. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakafunguliwa mlango, na mwaka 2018 Serikali ikaagiza kahawa iuzwe kwa njia ya vyama vya ushirika.

Mtu husoma mambo hayo shuleni akayaona kuwa ni tarehe tu. Mimi niliyaona katika daftari la azima. Katika kurasa za zamani vijana wa kinu walijaa: huyu kaazima hadithi, yule kaazima kitabu cha hesabu. Kadiri kurasa zinavyofunuliwa, majina hayo yanapungua. Wengine walivuka ziwa kwenda Mwanza kutafuta kazi, wengine tuliwazika. Mahali pao pakaingia majina ya kina mama na watoto wa shule. Hivyo ndivyo mji wetu ulivyobadilika, na daftari lilikuwa limeandika yote pasipo kukusudia.

Nakumbuka jioni za msimu. Kinu kikinyamaza, masikio yalikuwa bado yanavuma. Wafanyakazi waliingia na vumbi la maganda hata katika nyusi, na sharti langu lilikuwa moja: kunawa mikono bombani kwanza. Tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilipotetemeka na nyumba nyingi za Bukoba zikaanguka, ukuta wetu nao ulipata ufa. Kwa juma zima tuliazimisha vitabu nje, chini ya mwembe, na wasomaji hawakupungua hata mmoja.

Lakini jambo ninalotaka mlichukue nyumbani ni hili. Siku moja aliingia mama mmoja mjane, mwanachama wetu. Hakutaka kitabu. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye alama ya dole gumba lake, akaniomba nimsomee. Nilisoma, kisha nikanyamaza. Karatasi ilisema kwamba ameuza kahawa yake yote ya msimu ule, ikali bado maua mtini, kwa fedha chache alizopokea ili kulipia ada ya mtoto. Yeye alidhani amekopa tu. Hiyo ndiyo butura, ndugu zangu, nanyi mwaijua. Wengi wetu hapa tumeionja.

Hakulia. Aliniuliza, “Mwanangu, mtu wa umri wangu hufundishwa kusoma kwa muda gani?” Nikamjibu, “Mama, tuanze leo.” Ikawa kila Alhamisi, baada ya kupalilia, hukaa katika benchi pamoja na watoto wa darasa la pili, naye hakuona haya. Kwa misimu miwili alijua kusoma na kuandika tarakimu.

Miaka ikapita, nikawa katibu. Siku ya kupokea kahawa ya maganda, mizani ilikuwa na msururu mrefu, nami nikaandika stakabadhi kwa haraka. Mama yule akaipokea yake, akaisoma polepole mbele ya watu, akasema, “Katibu, mizani ilisema kilo 86. Wewe umeandika 68.” Ilikuwa kweli. Kosa lilikuwa langu, wala si la mizani wala la karani mwingine. Kilo 18 za jasho la mjane zilikuwa zimepotea katika wino wangu. Nilisahihisha pale pale, nikamwomba radhi. Akanipa punje mbili za kahawa ya kutafuna kutoka upindo wa kanga yake, kama apewavyo mgeni, akaenda zake.

Bwana Mwenyekiti, ipo hoja mezani kwamba chumba kile kigeuzwe ghala ya magunia. Najua ghala yetu haitoshi. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza, daftari lisilosomwa na mwenye mali ni daftari la katibu peke yake. Katibu wenu ni mwanadamu. Siku ile sikusahihishwa na mkaguzi, nilisahihishwa na msomaji.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, magunia yatafutiwe mahali pengine, na benchi lile la Alhamisi libaki.