Vumbi la Mbao: Tulikamate Kabla Halijaruka



Ukiingia karakana yoyote ya samani ya Keko, Dar es Salaam, macho huvutwa kwanza na maranda yaliyorundikana chini ya mashine. Hayo hayana neno kubwa: ni mazito, huanguka yenyewe. Nimekuja kusema juu ya ule unga mwembamba unaotoka kwenye msumeno wa duara na, zaidi, kwenye msasa wa mashine. Huo hautui upesi. Huelea, nasi tunauvuta.

Habari hii si ngeni. High Wycombe, Uingereza, ulikuwa mji wa watengeneza viti. Katika miaka ya 1960, daktari wa masikio, pua na koo, Esme Hadfield, aligundua kwamba saratani ya ndani ya pua, ambayo kwa watu wengine ni nadra mno, ilikuwa ikiwapata mafundi samani mmoja baada ya mwingine. Aina hiyo ya ugonjwa huchukua miongo kadhaa kujitokeza, kwa hiyo anayeugua uzeeni mara nyingi alilivuta vumbi hilo akiwa kijana. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na asbesto. Ushahidi mzito zaidi unahusu mbao za miti ya majani mapana, na mninga, mvule, mpingo na mtiki yote ni ya jamii hiyo.

Hata hivyo, wengi wetu hatutapata saratani. Tutapata kikohozi kisichoisha, pua kuziba, macho kuwasha, vipele mikononi, na wengine pumu. Pumu ya kazini ina tabia yake: kifua hubana jioni au usiku baada ya kazi, kikalegea siku za mapumziko. Ukiona hivyo, mwambie daktari unafanya kazi gani, maana asipojua atakupa dawa na kukurudisha kwenye vumbi lilelile.

Nije kwenye kinga, na nianze na maziwa, ambayo wengi huamini husafisha vumbi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hupita kooni kwenda tumboni. Vumbi liko puani na mapafuni. Hayakutani. Tajiri anayegawa maziwa badala ya vifaa vya kinga anaokoa fedha zake tu.

Kinga ya kwanza ni kulikamata vumbi pale linapozaliwa, kwa bomba la kufyonza lililofungwa kwenye mashine yenyewe. Ulaya, tangu 2023, kiwango cha juu cha vumbi la mbao ngumu ni miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane, kiasi ambacho kwa macho huwezi kukipima. Asiyemudu bomba aupeleke msasa nje, mahali upepo unapopita ubavuni mwa fundi, mbali na wenzake. Na tuache kujipuliza nguo kwa kompresa! Unga uliokwisha kutua unarudishwa hewani, usoni kabisa. Kufagia nako kuanze kwa kunyunyiza maji, maana ufagio kwa kawaida hupewa kijana mwanagenzi, ambaye mapafu yake yana miaka mingi zaidi mbele yake ya kulipa gharama.

Barakoa ni ya mwisho, baada ya hayo yote. Ya kitambaa haitoshi. Inayofaa ni FFP2 au N95, iliyobana uso vizuri. Ndevu huacha upenyo.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi na kuhakikisha wanapimwa. Mafundi wengi, lakini, hufanya kazi ya siku bila karatasi yoyote, na ugonjwa unaochelewa miaka thelathini humkuta mtu hana cha kuonyesha. Kwa hiyo napendekeza kila karakana iliyowakilishwa hapa ifungue daftari: jina la fundi, mashine anayotumia, aina ya mbao, tarehe ya kuanza na ya kuondoka, naye apewe nakala siku anapoondoka.