Jeraha Likipona, Mtu Bado
(Maelezo ya mhasibu wa chama katika mkutano wa mwaka, Kivukoni, Dar es Salaam)



Kamati imenitaka nieleze kwa nini bajeti ya mwaka huu ina kifungu kipya: chumba cha tiba ya viungo katika kituo chetu cha afya. Mimi ni mtu wa mahesabu, si tabibu. Haya nimeelezwa na binti yetu mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia katika Jeshi la Wananchi. Yeye yuko kazini, nami ninawafikishia kwa maneno yangu.

Wengi tukisikia tiba jeshini tunafikiria risasi. Kumbe siku nyingi kazi yake ni magoti, vifundo vya miguu na viuno. Askari hukimbia na buti, hubeba mzigo mgongoni, huruka mahandaki. Mfupa wa muundi unaweza kupata ufa kwa mshindo wa kila siku, bila mtu kuanguka. Na askari hapendi kusema anaumwa, asije akaachwa na kozi au na safari ya ulinzi wa amani. Kwa hiyo mtaalamu kwanza humfanya aseme ukweli, kisha humrudisha kwa hatua: atembee, akimbie polepole, ndipo abebe mzigo. Kamanda anamtaka mtu wake mapema. Mtaalamu anajua kwamba akirudi kabla ya wakati ataumia upya. Humo chumbani, mwenye cheo kikubwa hufuata maelekezo ya mwenye cheo kidogo.

Kisha kuna majeruhi wa vita. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, Kivu Kaskazini, kambi ya walinda amani ilishambuliwa. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, na walinda amani zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kwa majeruhi wa namna hiyo, fiziotherapia huanza mgonjwa akiwa bado kitandani: avute pumzi kwa kina ili kifua kisijae, akunje na kukunjua viungo visikakamae. Aliyekatwa mguu hufungwa bandeji ya kubana ili kigutu kipate umbo la kuingia kwenye mguu wa bandia, na misuli ya paja huimarishwa. Bila hayo, mguu wa bandia huishia kuegemezwa ukutani.

Kazi hii ilikuzwa na vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Marekani ziliwatumia wanawake waliofundishwa kuwakanda majeruhi na kuwafanyisha mazoezi. Waliopigana vita hiyo huku kwetu wanakumbukwa na Sanamu ya Askari, si mbali na hapa, iliyowekwa mwaka 1927.

Nasi wa Missenyi vita tunaijua. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wetu wakakimbia. Mashujaa waliolala Kaboya tunawaheshimu. Lakini wapo waliorudi na goti lisilokunjika, wakajifunza kutembea wenyewe kwa fimbo. Wazee hao sasa wamezeeka na maumivu yao.

Leo wanaongezeka majeruhi wa bodaboda, waliopata kiharusi, na watoto wenye mtindio wa ubongo. Anayehitaji mazoezi huenda Bukoba. Tupige hesabu: mgonjwa na msindikizaji wake, kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, ni nauli 12. Kwa wiki sita ni nauli 72, kabla ya chakula na siku za kazi zilizopotea. Wengi huacha wiki ya pili. Mfupa umeunga, lakini mkono haufiki kinywani. Jeshini, asiyefika kwenye mazoezi huulizwa. Kijijini hakuna wa kuuliza.

Tunachoomba ni vitu vya kawaida: vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, ngazi fupi ya mbao, godoro gumu, kioo kirefu, magongo, na ukarabati wa chumba ambacho kituo kimekubali kukitenga. Mtaalamu wa kudumu tutamwomba halmashauri, na ombi letu litakuwa na nguvu chumba kikiwa tayari. Binti yetu ameahidi kwamba, wakuu wake wakimruhusu, atatumia sehemu ya likizo yake kuwaelekeza wauguzi mazoezi ya msingi.

Fedha za kifungu hiki zitakuwa na stakabadhi zake, na hazitahamishiwa matumizi mengine. Taarifa mtaisoma katika kijitabu cha mwakani, hata kama ni ya kupungukiwa.

Fomu za ahadi ziko mezani. Asiye na fedha leo aandike mwezi atakaotoa. Fundi seremala aandike ngazi.