Tumsaidiapo Mpangaji, Tuhesabu Nini?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa nieleze kazi yangu ya kupima mipango ya misaada. Nitatoa mfano mmoja: kumpa mpangaji mwenye kipato kidogo fedha taslimu za kodi, badala ya kumjengea nyumba.

Jaribio kubwa la jambo hili lilifanyika Marekani katika miaka ya 1970. Katika miji ya Pittsburgh na Phoenix, wapangaji waligawanywa mafungu. Wako waliopewa fedha bila sharti. Wako waliopewa kwa sharti kwamba nyumba itimize kiwango. Na wako walioachwa bila msaada huo ili wawe wa kulinganishwa. Green Bay na South Bend mlango ulifunguliwa kwa kila aliyestahili, ili ionekane kama wenye nyumba watapandisha kodi.

Kodi haikupanda kama ilivyohofiwa. Lakini waliopewa bila sharti waliongeza sehemu ndogo tu ya fedha hizo kwenye nyumba. Iliyobaki iliwapunguzia mzigo wa kodi, wakapata nafasi ya kutimiza mahitaji mengine. Je, mpango ulishindwa? Ikiwa shabaha ni nyumba bora, matunda yalikuwa haba. Ikiwa shabaha ni kumpunguzia mnyonge mzigo, ulifaulu. Asiyetaja shabaha yake mapema hawezi kupima kitu.

Na lile sharti la kiwango? Liliwafaa zaidi waliokwisha kuwa na nyumba nzuri kidogo. Waliokaa katika nyumba mbovu kabisa, ambao ndio wahitaji hasa, mara nyingi walibaki nje.

Ndugu zangu, hapa naungama. Nikiwa ofisa kijana niliandika taarifa ya msaada fulani, nikajivunia hesabu ya waliopewa. Mzee mmoja wa ofisini aliisoma, akaniuliza, "Bwana mdogo, na waliorudishwa mlangoni umewaandika ukurasa gani?" Sikuwa na ukurasa huo. Fomu zao zilikuwa kabatini mwangu, nami sikuzifungua hata moja.

Mwaka 2022 mji wa Philadelphia ulianza jaribio jingine. Familia zipatazo 300 zilichaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa waliokuwa wakingojea msaada wa nyumba, zikawa zinapewa fedha taslimu kila mwezi, huku watafiti wakizilinganisha na familia nyingine. Maswali ni yale yale: nani kahamishwa kwa nguvu, nani katulia, na nani hakufikiwa.

Wanafunzi, baadhi yenu kesho mtaketi kwenye meza kama yangu. Hesabu mnayofundishwa hapa itawafaa sana. Lakini kabla ya kutia sahihi, fungueni kwanza lile kabati la waliokataliwa.