KIBURI NA FAHARI
(Hotuba iliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka 10 ya chama chetu)



Nimepewa dakika chache, nami nitazungumzia neno moja tu: kiburi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni moja na lile la "akbar", yaani kubwa zaidi. Basi mwenye kiburi ni mtu anayejikuza juu ya wenzake. Wahenga walisema kiburi si maungwana.

Neno hili lina ndugu zake. Maringo ni ya mwendo na mavazi. Mama akiringa na kitenge chake kipya hamdhuru mtu. Majivuno ni ya mdomo. Jeuri ni kutoambilika. Lakini kiburi kinakaa moyoni, hata aliyevaa kanga iliyochakaa anaweza kuwa nacho.

Sasa sikilizeni jamani. Kujivuna si sawa na kujivunia. Anayejivuna anajisifu nafsi yake. Anayejivunia anafurahia kitu: kazi, mtoto, chama. Imeongezeka herufi moja tu, na maana imegeuka. Leo tunajivunia miaka 10 ya kuweka na kukopeshana. Hiyo ni fahari.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu neno hili hutumika pia kutufunga midomo. Mama akiuliza hesabu ya hisa zake, anaambiwa, "Huyo ana kiburi." Akitaka jina lake liandikwe kwenye hati ya kiwanja alichochangia, "Pesa zimempanda kichwani." Hapana! Kudai haki yako kwa heshima siyo kiburi. Kiburi ni mweka hazina kukataa kufungua daftari. Kiburi ni mwenye hisa nyingi kumkatiza mwenye hisa moja mkutanoni.

Na yule aliyeacha kuhudhuria, tukasema anatudharau? Mara nyingi ameshindwa marejesho, anaona haya. Huyo tumfuate nyumbani, tukae naye, tumpangie upya.

Kwa hiyo, kabla hujamwita mwenzio mwenye kiburi, jiulize: amejikuza juu ya nani? Ukikosa jibu, neno hilo limeze.