Spea za Injini Zisiliwe na Kutu Stoo: Mada kwa Wenye Mashine za Kahawa na Mahindi, Bwesumbu



Mashine ya kumenya kahawa hufanya kazi miezi michache, kisha hulala. Safari ya Kampala hadi soko la Kisekka hula siku na nauli, kwa hiyo kikundi kinachojipanga hununua ringi, slivu, vali na nozeli mapema na kuziweka akiba. Msimu ukifika, boksi linafunguliwa na kilichomo kimeshika kutu. Tunalaumu muda mrefu wa kukaa. Mimi naona spea nyingi huharibiwa siku ile ile ya kuwekwa.

Kutu huhitaji hewa na maji. Hewa ni vigumu kuizuia, maji tunayaweza, ila si lazima yaonekane kwa macho. Unyevu hewani ukipita asilimia 60 hivi, chuma kitupu huanza kuliwa haraka. Huku kwenye miteremko ya Rwenzori mvua hunyesha Machi hadi Mei, zikarudi Agosti hadi Novemba. Hata siku za jua, baridi ya usiku huacha umande juu ya chuma ndani ya stoo ya mabati. Na kutu ikishaanza haijizuii: huvimba, hubanduka, na kuacha chuma kipya wazi kwa unyevu.

Nozeli na pampu ya dizeli ndizo za kuogopewa zaidi. Sindano ya nozeli imeachiwa nafasi ya mikroni 2 hadi 4 tu ndani ya ala yake, ilhali unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Kutu ambayo huioni inatosha kuigandisha, na ukiisugua kwa msasa umeimaliza kabisa.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi mafundi wenzangu. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini si dawa ya kutu. Ndani yake mna maji, masizi na asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta. Ukiipaka krenki, umeifunika kwa kitu kile kile tunachokitoa kwenye injini kwa sababu kimechoka. Mafuta ya taa nayo huosha lakini hayalindi. Yakikauka, chuma kimebaki uchi. Hata grisi mpya, ikipakwa juu ya chuma chenye unyevu au jasho la mkono, hufungia adui ndani. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole huonekana baadaye kama doa jekundu lenye umbo lile lile la kidole.

Chumvi tunaifahamu wilayani kwetu. Kiwanda kilichojengwa kando ya Ziwa Katwe kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 kilishindwa mapema, na sababu mojawapo ni mabomba yaliyoliwa na maji ya chumvi. Basi msipakie spea kwenye gari lililotoka kubeba chumvi bila kuliosha. Kosa linalofanana na hilo, nami naliona kubwa zaidi kwa sababu limezoeleka, ni kuweka spea chumba kimoja na mbolea au betri. Mbolea nyingi ni chumvi zinazovuta unyevu, na betri hutoa mvuke wa asidi. Stoo ya kikundi huwa ni moja. Basi angalau spea zipate kabati lao upande mwingine, juu ya ubao mkavu, mbali na sakafu ya saruji na ukuta wa nje.

Spea iliyofunguliwa ioshwe kwa dizeli safi, ikaushwe kwa kitambaa kikavu kisha juani, na ikiwa bado na joto kidogo ipakwe oili mpya nzito au grisi kwa mkono uliovaa glavu. Ifungwe kwa karatasi iliyolowa oili, halafu plastiki, pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Bearingi mpya isifunguliwe kabisa; kiwanda kimeshaipaka mafuta. Sili na oringi za mpira zisiguswe na grisi. Zikae kavu, gizani.

Injini nzima ikilala, mimina oili kidogo kwenye silinda, izungushe kwa mkono, kisha iache pistoni juu ikiwa kwenye mgandamizo, ili vali zote mbili zibaki zimefungwa na hewa ya nje isiingie.

Walio bondeni waongeze tahadhari moja: mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020. Rafu ya chini iachwe tupu.

Ombi langu kwa kila kikundi: kabla ya mvua za Agosti, chagueni mtu mmoja afungue kila furushi, aandike tarehe juu yake, na alifungue tena baada ya miezi mitatu.