Marisau na Mdomo wa Bunduki kwa Bata Bukini wa Mpungani

Leo tunaweka kando habari za mbolea na mbegu. Tuzungumze juu ya bata bukini wanaoshuka mpungani alfajiri na jioni, na juu ya bunduki inayotumika kuwapiga.

Bata hawa mnawafahamu. Yupo yule mkubwa, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye kipi kikali kwenye kiungo cha bawa. Dume lake laweza kufika kilo 6. Yupo pia yule wa hudhurungi mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho, mwenye makelele mengi. Kundi likishuka kwenye jaruba, wanakula punje na kukanyaga miche. Hapo ndipo shauri linapotolewa haraka: "Aitwe mwenye bunduki!"

Mimi mwenyewe niliwahi kutoa shauri hilo. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya ubwana shamba. Jirani mmoja alikuja na shotigani yake, akiwa na risasi za kupigia kwale. Bata walipita juu sana. Mimi nikasema, "Piga!" Akapiga mara mbili. Hakuanguka hata mmoja. Watatu waliyumba, wakaendelea na safari, na siku ya tatu tukawakuta wameoza kwenye matete. Lakini kubwa zaidi ni hili: mtoto aliyekuwa akiamia ndege upande wa pili alikuja analia, punje mbili zimemwingia begani. Alipona, tunashukuru. Ila neno "piga" lilikuwa langu, na sijalisahau.

Basi tuanze na sheria. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwindaji awe na leseni ya kuwinda, na bunduki yake iwe na kibali. Gobore la kufichwa darini ni kosa, na likijazwa vipande vya misumari ni hatari kwa mpigaji mwenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, hakuna kuwinda kabisa. Wewe wa Sitalike, usimfuate bata akivuka mpaka. Kwa hiyo, kabla ya yote, nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, mweleze hasara yako.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe. Shotigani hairushi risasi moja. Inarusha punje nyingi ziitwazo marisau, na punje hizo hutawanyika kadiri zinavyokwenda mbali. Mdomo wa mtutu waweza kuwa wazi au umebanwa kidogo. Mbano huo mafundi huuita choki. Kwa bunduki ya namba 12, choki kamili hubana kama milimita 1 tu, na nusu choki kama nusu milimita. Ni kidogo, lakini tofauti yake ni kubwa. Chukua duara lenye upana wa sentimita 76, ulitazame kutoka mita 36 hivi. Katika kila punje 100, mtutu wazi huingiza kama 40, nusu choki kama 60, na choki kamili kama 70.

Mtu atasema, basi tuchukue choki kamili. Hapana, bwana. Choki kamili inataka mpigaji hodari, na bata akiwa karibu nyama yake inasagika. Kwa bata anayeshuka jarubani, nusu choki inatosha.

Tena kuna ukubwa wa punje. Kwa hesabu ya Kiingereza, namba ikikua punje inapungua. Risasi ya gramu 32 ya namba 6 ina punje kama 300. Ya namba 3 ina kama 160, na ya BB kama 80 tu. Namba 6 ni ya kwale. Kwa bata bukini, mwenye manyoya mazito na mifupa migumu, punje hizo hujeruhi bila kuua. Namba 3 au namba 1 inafaa. Lakini Wamarekani wana namba zao, kwa hiyo tazama milimita kwenye boksi: kwa risasi ya madini ya risasi, tafuta milimita 3.3 hadi 3.6.

Lipo pia jambo la sumu. Madini ya risasi yakianguka kwenye maji, bata huyameza pamoja na changarawe, yakasagika katika firigisi na kumuua polepole. Bata wako wa nyumbani naye hula kwenye tope hilohilo. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya-Asia, uliotaka nchi zijitahidi kuacha punje hizo kwenye ardhioevu kufikia mwaka 2000. Punje za chuma zikipatikana, chagua zilizo kubwa kwa namba mbili, kwa kuwa chuma ni chepesi. Usizipitishe kwenye choki kamili wala kwenye bunduki kuukuu kabla fundi hajaikagua.

Mwisho ni umbali. Pima hatua 35 kutoka alipojificha mwindaji, simika kigingi. Bata aliye nje ya kigingi hapigwi. Anayepita juu sana naye aachwe aende zake. Kumbuka, punje yaweza kuruka zaidi ya mita 200, na ikigusa maji hudunda. Kwa hiyo siku ya kupiga, watoto wote wanaoamia watoke shambani, wahesabiwe mmoja mmoja, ndipo bunduki ijazwe.

Na bunduki peke yake haitaokoa mpunga. Pandeni kwa wakati mmoja ili shamba moja lisibebe ndege wote. Amieni kwa zamu, watu wazima wakichukua zamu ya alfajiri. Tundikeni madebe na vitambaa, mkivihamisha kila siku chache, maana bata akizoea haogopi tena.

Ndugu mkulima, gunia la mpunga lililoliwa na bata utalivuna tena mwakani. Punje iliyokwisha kutoka mtutuni hairudi. Ukiitwa kutoa shauri, usiseme "piga" kama nilivyosema mimi. Uliza kwanza: "Watoto wako wapi?"